Jibu Bila Maelezo Halijakamilika: Namna ya Kufumbua Chemsha Bongo ya Gazeti

Nina steshenari Chikongola, hapa Mtwara mjini. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nauza madaftari, na mlangoni nina meza ya magazeti. Magazeti yanatoka Dar kwa basi, kwa hiyo yakifika kwangu habari zake watu wameshazisikia redioni na kwenye simu. Chemsha bongo, yale maneno ya kujaza kwenye visanduku, haichachi. Ukurasa wake naukuza kwa mashine hadi A3, naubandika ubaoni nje, naning'iniza penseli kwa uzi, na mteja anayesubiri kopi zake anajaribu bahati yake. Kesho yake nabandika majibu.

Majibu matupu sibandiki. Kila jibu naliandikia maelezo: kidokezo kilificha nini, neno gani ndani ya kidokezo lilitoa siri, na kwa nini neno jingine lenye herufi idadi ile ile halikufaa. Wapo wanaoniambia najichosha. Mimi naamini hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Mtu akijaza ubao mzima halafu nikamuuliza "hili umelipataje?" akabaki kunitazama, huyo amebahatisha, na kesho akikutana na kidokezo cha aina ile ile ataanza upya. Anayeweza kueleza, hata kama kajaza nusu tu, ameshajua njia.

Kabla ya herufi ya kwanza

Shika penseli na ufutio, kalamu ya wino weka pembeni. Soma vidokezo vyote, vya kwenda kulia na vya kwenda chini, bila kuandika kitu. Najua mkono unawasha, uzuie. Unachotafuta ni vidokezo visivyo na mjadala: methali iliyokatwa mkia, mji mkuu wa nchi fulani, wingi wa neno, kinyume cha neno. "Haraka haraka haina…" haikupi nafasi ya kuwaza mara mbili. Hayo ndiyo unayaandika mwanzo, kwa sababu kila herufi yake inakwenda kusaidia neno jingine linalopita hapo.

Usianze na nambari moja eti kwa sababu ni ya kwanza. Nambari zinafuata mahali kisanduku kilipo, hazifuati ugumu wa swali.

Lugha yenyewe inakusaidia

Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Kwa hiyo hata kabla hujajua jibu lolote, kisanduku cha mwisho cha kila neno umeshakijua nusu: ni A, E, I, O au U. Ukiona neno linaishia kwenye kisanduku ambacho neno linalokatiza limekipa herufi T, simama hapo hapo. Ama lile linalokatiza umelikosea, ama jibu ni kifupisho au jina la kigeni. RAIS ni katika maneno machache ya kila siku yanayovunja kanuni hii, liweke kichwani.

Herufi C haikai peke yake. Ikitokea, baada yake ni H, isipokuwa kwenye vifupisho kama CCM. Q na X usizihangaikie. Kabla ya B au P utakuta M, hutakuta N. Irabu mbili zikifuatana usishtuke: KAA, JUU, CHAI, MAUA.

Halafu angalia umbo. Kidokezo kikisema "Kata nywele", visanduku vinne, jibu ni NYOA. Kikisema "Kukata nywele", jibu linakuja na KU yake: KUNYOA, visanduku sita. Mtungaji makini hachanganyi. Kidokezo cha wingi kinadai jibu la wingi, cha umoja kinadai la umoja. Wanafunzi wanaokuja kutoa kopi za notisi hili wanalijua darasani, lakini wakisimama mbele ya ubao wanalisahau.

Kubwa kuliko yote ni upatanisho wa ngeli. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo mfumbuaji wa Kiingereza hana. Kidokezo hakiwezi kulizungumzia jibu bila kulipatanisha na vitenzi na viashiria, na kila kiambishi kinakuonyesha jibu liko ngeli gani. Ukiona "kikivunjika" au "hukikalia", nenda kwenye maneno ya KI au CH: kiti, kigoda, chombo. Ukiona "li", fikiria jembe, jicho, paa, embe. Ukiona "a" au "wa", ni kiumbe chenye uhai, na hapo kuwa mwangalifu, kwa sababu viumbe vinachukua upatanisho huo bila kujali neno linaanzaje. "Wanakata nywele" jibu lake linaweza kuwa VINYOZI, na mtu anayeng'ang'ania neno lianze na WA atakaa hapo mpaka nifunge duka.

Kiambishi "u" ndicho chenye mitego mingi. Kinaweza kuwa wewe unayeambiwa, kinaweza kuwa mti au mto, kinaweza kuwa ufa au ukuta. Soma kitenzi chote hadi mwisho kabla hujaamua.

Mfano mdogo, kisanduku kwa kisanduku

Huu niliutunga mwenyewe kwa ajili ya wanaoanza. Una mistari mitano ya visanduku vitano, na vinne kati yake ni vyeusi. Maneno yote yana herufi tano.

Kwenda kulia:
1. Usipoziba ufa utaujenga
4. Ndege akivunjika huu, haruki
5. Ikikosekana, watu hukimbia makwao

Kwenda chini:
1. Mbegu ndogo za mafuta, zao la Lindi
2. Kinywaji cha mabibo
3. Kazi ya nyuki

Nambari 1 kulia ni methali, anza nayo: UKUTA. Lakini tazama "utaujenga". Ndani yake mna U mbili. Ya kwanza ni wewe, ya pili ndiyo inayoelekeza kwenye jibu. Ukizoea kuziona namna hiyo, hata methali usiyoijua itakupa fununu.

Sasa maneno matatu ya kwenda chini yameshapata vichwa: U, U na A. Kazi ya nyuki, inaanza na A, herufi tano: ASALI. Nta nayo ni kazi ya nyuki, ila ina herufi tatu. Mbegu za mafuta zinazoanza na U: UFUTA. Anayewaza karanga, herufi ya mwanzo imeshamkatalia.

Nambari 4 kulia inaanza na U, ambayo ni herufi ya tatu ya UFUTA, na inaishia na A iliyotoka kwenye ASALI. "Huu" linataka neno la umoja lenye upatanisho wa U. MDOMO una upatanisho huo, una herufi tano, na ndege anao. Lakini ndege mwenye mdomo uliovunjika anaruka, na herufi ya kwanza si M. Jibu ni UBAWA. Ona tulivyolikataa MDOMO kwa sababu mbili, moja ya maana na moja ya herufi. Hiyo ndiyo sentensi ninayoiandika kwenye karatasi ya maelezo.

Kinywaji cha mabibo, mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji msaada: URAKA. Aliyehamia kutoka bara atakuwa na U juu na A katikati, na hata akipata A ya chini bado atabaki na mapengo mawili, maana R na K hazikatwi na neno lolote. Hapo hakuna hesabu itakayomwokoa. Aulize. Kuuliza mtu anayejua ni njia halali kabisa ya kufumbua, mradi ukishaambiwa uelewe kinywaji chenyewe ni kipi na ukiandike kwenye maelezo yako.

Imebaki nambari 5 kulia. Herufi ulizonazo ni A, pengo, A, pengo, I. Hapa ndipo wengi wanateleza. Maneno matatu yanaingia bila kusukuma: ASALI, AJALI, AMANI. Yote matatu yanachukua upatanisho wa I, kwa hiyo "ikikosekana" haikusaidii kwa ngeli. ASALI imeshatumika, iondoe. Kati ya AJALI na AMANI, mapengo mawili yaliyobaki hayakatwi na chochote, kwa hiyo ukikosea hakuna herufi ya kukusuta. Ubao utajaa vizuri na utaondoka umeridhika na jibu la uongo. Kinachoamua ni kitenzi. Ajali ikitokea watu hukimbia. Kidokezo kimesema ikikosekana. Ni AMANI.

U K U T A
F ■ R ■ S
U B A W A
T ■ K ■ L
A M A N I

Kisanduku kinachokatwa na maneno mawili kina shahidi. Kisanduku kinachopitiwa na neno moja tu hakina shahidi mwingine zaidi ya maelezo yako. Ndiyo sababu nasisitiza maelezo namna hii.

Maneno yenye maana zaidi ya moja

Kuna kidokezo nilikibandika: "Nyumba hulihitaji, samaki hufanyiwa", herufi tatu. Kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka alisimama mbele yake muda mrefu.

"Mama, ya nyumba nimeipata, ni PAA. Hiyo 'li' imenipeleka. Lakini samaki kafanywa nini? Samaki hapai."

Alikuwa anapita mama mmoja na beseni kichwani, ametoka soko la samaki la Feri. Akasimama, akashusha beseni.

"Mwanangu, hawa unawaona wana magamba? Nimewapaa mwenyewe kwa kisu, mmoja mmoja."

Kijana akashika penseli akaandika, na maelezo ya siku hiyo nikayaandika kwa maneno ya yule mama: kupaa samaki ni kumkwangua magamba. Neno hilo hilo ni mnyama jamii ya swala, na ni kwenda juu angani, na ni kutwaa makaa ya moto jikoni. Mtungaji ana uwanja mpana hapo, na wewe unapoona kidokezo chenye vitu viwili visivyohusiana, nyumba na samaki, jua unatafutiwa neno moja linaloishi sehemu mbili.

Mikoa yetu ni hazina kwa mchezo huu. TANGA ni mkoa na ni kitambaa cha jahazi: "Mkoa unaovuta upepo". MARA ni mkoa na ni hesabu ya kurudia jambo. PWANI inajieleza. Na jirani zetu LINDI: "Mkoa ulio shimo refu", kama tunavyosema mtu katumbukia kwenye lindi la umaskini.

Mtungaji akiandika "Mkoa" tu, bila kitu kingine, usikate tamaa, hesabu. Tanzania Bara ina mikoa 26, na 13 kati yake majina yana herufi sita, nusu kamili. Kwa hiyo visanduku sita havikuambii kitu mpaka upate herufi ya pili. Ikiwa T ni MTWARA, W ni MWANZA, U ni RUVUMA, J ni NJOMBE, na hapo umemaliza. Ikiwa R, ni ARUSHA au IRINGA. Ikiwa I, ni KIGOMA au SIMIYU. Ikiwa O, ni DODOMA au SONGWE. Ikiwa A, una TABORA, KAGERA na KATAVI. Kwa makundi haya ya mwisho angalia herufi ya mwisho: U ni SIMIYU, E ni SONGWE, I ni KATAVI. Jedwali hili nimelichapa na nimelibandika kwenye kioo cha duka, linatumika kila wiki.

Marais nao wanapangika kwa jina la mwisho. Herufi tano ni MKAPA, mwana wa Masasi aliyezaliwa 1938, ambaye kabla ya kuingia kwenye siasa aliwahi kuwa mhariri wa Uhuru na wa Daily News, jambo linalonifurahisha kila ninapopanga magazeti mezani. NYERERE na KIKWETE wote wana herufi saba na wote wanaishia na E, kwa hiyo usiandike mpaka herufi ya pili ijulikane. Mito ya kwetu ina mtego wake pia: RUVUMA na RUFIJI zina herufi sita na zinaanza sawasawa. Subiri ya tatu.

Vidokezo vinavyochezea herufi

Mchezo huu ulianzia Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliuchapa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na ubao wake ulikuwa na umbo la almasi. Wamarekani wameuendeleza kwa ubao wa visanduku 15 kwa 15, na New York Times huanza wiki na rahisi Jumatatu na kuukaza mpaka Jumamosi. Waingereza walikwenda njia nyingine. Kwao kidokezo kigumu kina sehemu mbili: upande mmoja ni maana ya kawaida ya jibu, upande mwingine ni maelekezo ya kulijenga kwa herufi. Maana inakaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati.

Mtindo huo unakubali Kiswahili vizuri sana, na ningependa watungaji wetu wautumie zaidi. Chukua hiki: "Tunda lililofichwa kati ya bandari na zizi", herufi nne. Maana ni tunda. "Lililofichwa" linakuambia uangalie ndani ya maneno yenyewe. Sasa soma polepole: bandari NA ZIzi. Jibu ni NAZI.

Au hiki: "Vuruga samaki upate mvua", herufi sita. "Vuruga" ni amri ya kupangua herufi. Chukua S, A, M, A, K, I, uzipange upya mpaka zitoe MASIKA. Nilipokibandika hicho, mzee mmoja aliyestaafu bandarini aliandika herufi sita kwa duara pembeni mwa karatasi badala ya kwenye mstari, na akalipata kabla ya kopi zake kutoka. Fanya hivyo hivyo. Herufi zikiwa kwenye mstari, jicho linaendelea kusoma neno la zamani. Zikiwa kwenye duara, neno la zamani linavunjika.

Kuandika maelezo

Maelezo mazuri ni mafupi. Taja jibu. Onyesha ni neno gani katika kidokezo limebeba siri, na lipigie mstari. Sema ni herufi zipi zilithibitishwa na maneno mengine. Mwisho taja mpinzani mmoja, neno lililokaribia kufaa, na useme limeangukia wapi. Hilo la mpinzani ndilo watu wanaloliruka, na ndilo linalofundisha kuliko mengine.

Usieleze kwa kumdharau aliyekosa. Mwanafunzi akiandika AJALI pale penye AMANI, amesoma herufi vizuri, ameteleza kwenye kitenzi, na akionyeshwa kitenzi hicho hatateleza tena. Na kama jibu la gazeti lenyewe linakuja halielezeki, usilipambe. Andika pembeni kwamba kidokezo hakilingani na jibu, na useme kwa nini. Gazeti linakosea, na msomaji wa ubao wako ana haki ya kujua kwamba hakuwa yeye.

Kamusi fungua baada ya kujaribu, usiifungue kabla. Mimi naweka ya TUKI chini ya meza, na anayeitaka lazima kwanza aniambie anadhani neno ni lipi.

Hivi vinne sijavitolea majibu. Jaribu:

Hutembea upande, na ukimwita umemwambia aketi (3)
Tunda ambalo mbegu yake huning'inia nje (4)
Kitoweo kilichofichwa Kenya mashariki (5)
Mto wa mpakani, kusini, ambao pia ni mkoa (6)

Ukipata jibu usihamie kwenye kidokezo kinachofuata. Andika chini yake ni neno gani lililokufungulia, na ni neno gani jingine ulilikataa na kwa sababu gani. Kwa hicho cha nne, mpinzani nimeshakutajia.